Merikebu ya Moshi ya Kuvukia Brooklyn

Mji wa New York, ulio katika nchi ya Marekani, ulianzia kisiwani. Kisiwa hicho huitwa Manhattan. Upande wake wa magharibi hupita mto mkubwa wa Hudson, na upande wa mashariki upo mkono wa bahari ambao watu wa pale huuita Mto wa Mashariki, ingawa si mto hata kidogo. Maji yake ni ya chumvi, wala hayaendi upande mmoja siku zote kama maji ya mto yaendavyo. Bahari ikijaa, maji hukimbilia huku. Ikipwa, hurudi kule. Na mkondo wake una nguvu nyingi. Ng'ambo ya maji hayo ndiko kuliko Brooklyn.

Si mbali. Kutoka pwani hata pwani, mahali pale pa kuvukia, ni chini ya nusu maili. Walakini kwa muda wa miaka 170 na zaidi hapakuwa na mtu aliyeweza kusema kwa hakika kwamba nikiondoka hapa sasa, saa fulani nitakuwa ng'ambo. Tena wako walioondoka wasifike kabisa. Habari tutakazosoma hapa ni za merikebu iliyoondoa shaka hiyo. Jina lake Nassau, nayo ilianza kazi tarehe 10 Mei mwaka wa 1814.

Kwanza na tutazame jinsi watu walivyovuka kabla yake. Zamani, wakati Waholanzi walipoitawala nchi ile, mvushaji wa kwanza anayejulikana kwa jina alikuwa mkulima, Cornelis Dircksen. Yapata mwaka wa 1642 alikuwa na shamba lake karibu na pwani. Mtini palitundikwa baragumu, na kila aliyetaka kuvuka aliipiga. Dircksen akisikia sauti yake aliacha kazi ya shamba, akashuka pwani, akamvusha mtu huyo kwa mashua yake ndogo, kisha akarudi shambani. Bila shaka abiria wake walingoja sana siku za mavuno.

Baadaye watu wakawa wengi, na mashua zikawa nyingi na kubwa zaidi. Nyingine zilikwenda kwa makasia, nyingine kwa tanga. Ninyi mnaokaa pwani mwajua ya kuwa tanga ni kitu chema upepo ukiwa mwema. Lakini chombo cha kuvushia watu hakiwezi kuchagua upepo. Upepo ukilala kabisa, mashua ya tanga ilichukuliwa na mkondo, ikafikishwa mbali na mahali palipokusudiwa. Upepo ukivuma kwa nguvu kupingana na mkondo, maji yalichafuka, na hapo ndipo ilipokuwa hatari. Wakulima wa Brooklyn walipeleka sokoni New York mboga, maziwa, ng'ombe na farasi. Hebu fikiri mashua iliyo wazi, ndani yake mna wanawake na vikapu vyao, na katikati amesimama ng'ombe aliyetiwa hofu na mawimbi. Ng'ombe akienda upande mmoja, mashua nayo huinama upande huo huo. Kwa njia hiyo watu wengi walikufa maji mbele ya macho ya ndugu zao waliosimama pwani. Na wakati wa baridi mabonge ya barafu yaliyoelea yaliweza kuponda mbao za mashua.

Nguvu ya makasia ina mpaka wake. Katika mwezi wa Agosti mwaka wa 1776, zamani za vita vya Wamarekani na Waingereza, jemadari George Washington alizingirwa na adui upande ule wa Brooklyn, akiwa na askari wapatao 9,000. Akaazimu kuwavusha usiku kwa siri. Akawapata wavuvi na mabaharia hodari wa kupiga makasia, wakafanya kazi usiku kucha, na kulipopambazuka bado wengine walikuwa hawajavuka. Kama si ukungu mzito ulioshuka asubuhi ile ukawaficha, labda habari za nchi ya Marekani zingeandikwa kwa namna nyingine.

Basi haja ilikuwa ni kupata nguvu isiyotegemea upepo wala mikono ya watu, nayo ikapatikana katika mvuke.

Mvuke una nguvu gani? Tia maji katika sufuria, funika, uweke motoni. Maji yakichemka utaona kifuniko kikitikisika na kuinuka. Sababu yake ni kwamba maji yakigeuka kuwa mvuke hutaka nafasi kubwa sana: kikombe kimoja cha maji chatoa mvuke wa kujaza vikombe zaidi ya 1,600. Ukiufungia mvuke huo usipate nafasi, utasukuma kila kitu kilicho mbele yake. Katika mitambo ya siku zile mvuke ulitoka katika birika kubwa la madini lililowashiwa moto wa kuni, ukaingia ndani ya mwanzi mnene wa chuma. Ndani ya mwanzi huo mlikuwamo kizibo kilichoweza kwenda mbele na nyuma, kama kile kilichomo katika bomba la kutilia upepo gurudumu la baiskeli. Mvuke ulikisukuma kizibo. Halafu mvuke ule ulitolewa, ukapozwa kwa maji baridi hata ukarudi kuwa maji, na upande wa pili mvuke mpya ukakirudisha kizibo kilikotoka. Kizibo kilifungamana na vyuma virefu, na vyuma hivyo vikazungusha gurudumu kubwa lenye mbao pande zote mfano wa makafi. Makafi yalipiga maji, chombo kikaenda. Mambo haya ya kupoza mvuke mbali na mwanzi wenyewe yalibuniwa na James Watt, fundi wa Uskochi, na mitambo yake ilifanya kazi migodini na viwandani miaka mingi kabla ya kutiwa katika merikebu.

Mtu aliyeleta mvuke katika kivuko cha Brooklyn ni Robert Fulton. Alizaliwa Marekani, katika nchi ya Pennsylvania, mwaka wa 1765, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchora sura za watu. Alipokuwa kijana alikwenda Uingereza kujiendeleza katika kazi hiyo ya uchoraji, lakini macho yake yakavutwa na mitambo na mifereji. Kutoka huko akaenda Ufaransa, akatengeneza chombo kilichoweza kuzama na kuibuka, na mwaka wa 1803 akajaribu mashua ya mvuke katika mto unaopita mjini Paris. Huko huko Ufaransa alishirikiana na tajiri mmoja, Robert Livingston. Wakaagiza mtambo kutoka Uingereza, katika kiwanda cha Watt na mwenzake Boulton, na mwezi wa Agosti mwaka wa 1807 merikebu yao ikapanda mto wa Hudson kutoka New York mpaka Albany, mwendo wa maili 150, kwa muda wa saa 32. Wengi hudhani Fulton ndiye aliyebuni merikebu ya mvuke. Sivyo. Wengine walikuwa wamejaribu kabla yake, Marekani na Ulaya. Sifa yake ni nyingine: alijua kupima, kuhesabu na kuchagua, hata merikebu yake ikaweza kufanya kazi kila siku na kuleta faida.

Hata kwa kuvusha watu bandarini hakuwa wa kwanza. Ng'ambo ya Hudson, mahali paitwapo Hoboken, alikaa John Stevens, mtu mwenye akili nyingi za ufundi. Mwaka wa 1811 merikebu yake ya mvuke iitwayo Juliana ilianza kuvusha watu kati ya Hoboken na New York. Walakini Fulton na Livingston walikuwa wamepewa na serikali ya New York haki ya kwamba mtu mwingine yeyote asiendeshe merikebu ya mvuke katika maji ya nchi ile bila idhini yao. Kwa ajili ya sheria hiyo Juliana iliondolewa katika kazi yake. Twamsifu Fulton kwa mambo mengi, lakini hili si la kusifiwa. Chombo kizuri kilikuwapo, abiria walikuwapo, na karatasi ndiyo iliyowazuia.

Mwaka wa 1812 Fulton naye alitengeneza merikebu ya kuvukia mto wa Hudson kwenda upande wa Jersey, na kwa kuwa alieleza mwenyewe kwa maandishi jinsi ilivyokuwa, twajua vipimo vyake vizuri. Ilikuwa na umbo la ajabu. Haikuwa merikebu moja ila mbili, zimelazwa sambamba kama ndugu wawili kitandani. Kila moja ilikuwa na urefu wa futi 80 na upana wa futi 10, na kati yake iliachwa nafasi ya futi 10. Juu ziliunganishwa kwa maboriti yenye nguvu, zikawa na sitaha moja yenye upana wa futi 30. Gurudumu la makafi liliwekwa katika ile nafasi ya katikati.

Kwa nini katikati? Merikebu nyingine za siku zile zilikuwa na magurudumu ubavuni, moja kila upande. Lakini chombo cha kuvushia hugusa gati mara nyingi kila siku, na kila mara kingeweza kugonga gurudumu lake na kulivunja. Tena wakati wa baridi barafu ingelipiga. Likikaa kati ya miili miwili, mbao za chombo zenyewe ni ngome yake.

Mtambo nao ulikaa hapo hapo katikati, hivyo sitaha ikagawanyika sehemu mbili. Upande mmoja ulikuwa wa magari, farasi na ng'ombe. Upande wa pili ulikuwa wa watu, wenye mabenchi na turubai la kuzuia jua, na ngazi ya kushukia katika chumba cha chini kilichokuwa na jiko la moto siku za baridi. Hapo kwa mara ya kwanza ng'ombe na abiria walisafiri katika chombo kimoja pasipo kuogopana.

Kuna jambo jingine. Ncha zake mbili zilikuwa sawasawa kabisa. Kila ncha ilikuwa na usukani wake, na gurudumu liliweza kuzunguka mbele au nyuma. Kwa hiyo chombo kilipofika ng'ambo hakikuwa na haja ya kugeuka. Kilichokuwa tezi kikawa omo, nacho kikarudi kilikotoka. Gari la farasi liliingia kwa ncha moja, likatoka kwa ncha ya pili likiendelea mbele moja kwa moja. Aliyewahi kuvuka Likoni, Mombasa, au Kigamboni, Dar es Salaam, ameona vyombo vilivyo na mlango wa kuingilia huku na mlango wa kutokea kule. Huo ndio mtindo ule ule, ila vya kwetu vyaenda kwa mitambo ya mafuta.

Sasa twafika kwenye tatizo ambalo pengine lilikuwa gumu kuliko mtambo wenyewe. Kuvuka maji ni jambo moja; kutoka majini na kufika nchi kavu ni jambo la pili. Katika bandari ya New York maji hupanda na kushuka futi 4 au 5. Kwetu Mombasa, siku za bamvua, hupita futi 10. Mtu mwenye miguu mizuri aweza kuruka kutoka mashuani hata gatini, lakini gari la farasi haliruki. Maji yakijaa sitaha itakuwa juu ya gati. Yakipwa itakuwa chini. Utapitishaje gari?

Fulton alitengeneza daraja lenye ncha mbili za namna mbili. Ncha moja ilishikamana na nchi kavu kwa bawaba, kama mlango ulivyoshikamana na mhimili. Ncha ya pili ilielea majini. Maji yakipanda, ncha ile ilipanda pamoja na merikebu. Yakishuka, ikashuka nayo. Hivyo daraja na sitaha vilikutana usawa mmoja wakati wote, na gari likapita kama lipitavyo njiani.

Tena alifikiri habari ya kugonga. Chombo kizito chenye watu na farasi, kikija na mkondo, hakisimami mara moja. Nafasi ya kuingilia gatini aliifanya iwe na upana wa futi 70, na huku na huku akaweka majukwaa ya magogo ya misonobari yanayoelea, yamekaa mshazari, mapana kwa nje na membamba kwa ndani, mfano wa mdomo wa mgono wa kunasia samaki. Nahodha alilenga mahali popote ndani ya zile futi 70. Kama alikosea kidogo, chombo kiliteleza juu ya magogo yale, nayo yakakiongoza polepole mpaka darajani. Magogo yakielea hutii yakisukumwa, kwa hiyo mshindo ulipungua na farasi hawakuanguka. Mtu mmoja aliyevuka mwaka ule alieleza kwamba walifika ng'ambo kwa dakika 14, nao mto pale ni mpana zaidi ya maili moja.

Basi, mambo haya yote yalipokwisha kujaribiwa katika mto wa Hudson, Fulton akageukia Mto wa Mashariki. Yeye na shemeji yake, William Cutting, walikodi kivuko cha Brooklyn kwa serikali ya mji wa New York kwa muda wa miaka 25. Nassau ikajengwa kwa mfano ule ule wa miili miwili na gurudumu katikati. Nauli ya mtu mmoja ilikuwa senti 4. Katika mashua za zamani ilikuwa senti 2. Wako walionung'unika kwa kulipa mara mbili. Lakini siku ile ya Mei ilipoanza kazi watu walijazana, na gazeti la Brooklyn liliandika kwamba katika safari moja ilichukua watu 549, pamoja na magari na farasi kadha wa kadha. Kuvuka kulichukua dakika 5 hata 12, kwa kadiri ya mkondo na hali ya hewa.

Siku ile ya furaha ilikuwa na msiba ndani yake. Fundi mmoja wa mtambo alinaswa na vyuma vilivyokuwa vikizunguka, akajeruhiwa vibaya, akafa. Mitambo ya siku zile haikuwa na kinga. Vyuma vilizunguka wazi, na waliovihudumia walikuwa bado hawajazoea kukaa karibu na kitu chenye nguvu za farasi wengi kisichosikia mtu akipiga kelele.

Mwaka ule ule wa 1814 kilianza kazi chombo kingine katika Mto wa Mashariki, nacho chastahili kutajwa hapa. Hakikuwa na mvuke, kwa kuwa haki ya mvuke ilikuwa mikononi mwa Fulton na wenzake. Juu ya sitaha yake walifungwa farasi 8, wakawa wakizunguka kama ngamia wa kinu cha mafuta, nao kwa kuzunguka waligeuza gurudumu la makafi. Wasomaji wataona jambo hili kuwa la kuchekesha: farasi wakienda kwa miguu juu ya bahari. Hata hivyo vyombo hivyo vilifanya kazi miaka mingi katika mahali mbalimbali pa Marekani. Vilikuwa rahisi kujenga, na fundi wake aliyehitajiwa zaidi alikuwa mtu wa kuwalisha farasi majani.

Fulton hakuishi kuona matunda ya kazi yake. Mwezi wa Januari mwaka wa 1815 alikuwa akirudi nyumbani kutoka Jersey, alikokwenda kutetea haki zake za merikebu mbele ya wakubwa wa nchi ile. Baridi ilikuwa kali, na Hudson ulikuwa umeganda hata vyombo haviwezi kupita. Yeye na wenzake wakavuka kwa miguu juu ya barafu. Barafu ikavunjika chini ya mmoja wao, aliyekuwa mwanasheria wake na rafiki yake. Fulton akamsaidia kutoka, akalowa, akapatwa na baridi. Ugonjwa ukaingia mapafuni, na tarehe 24 Februari akafa, naye hajatimiza miaka 50. Mtu aliyewapa wengine chombo cha kuvukia salama alipata kifo chake kwa kuvuka mto bila chombo.

Baada ya kufa kwake kazi ilizorota. Katika mapatano ya kukodi, kampuni ilikuwa imeahidi kuleta merikebu ya pili ya mvuke ifikapo mwaka wa 1819. Mwaka huo ukapita, merikebu haikuja; kukatumika chombo cha farasi badala yake. Nassau iliendelea peke yake, na mtambo ulipohitaji kutengenezwa watu walirudia mashua. Wenye kivuko hawakuwa na haraka, kwa maana mtu wa Brooklyn hakuwa na njia nyingine. Mwaka wa 1824 mahakama kuu ya Marekani, chini ya jaji John Marshall, ilihukumu kwamba nchi moja ya Marekani haiwezi kuwafungia watu maji yanayopita kati yake na nchi nyingine. Kesi yenyewe haikuhusu Brooklyn. Ilikuwa ya wenye merikebu wawili wa upande wa Jersey. Lakini kwa hukumu ile haki ya Livingston na Fulton ilivunjika, na merikebu za mvuke zikaongezeka upesi. Mwaka wa 1827 kivuko cha Brooklyn kikapata merikebu ya pili, nayo ikaitwa William Cutting. Watu walikuwa wameingoja miaka 13.

Tangu hapo Brooklyn haikuwa tena mahali pa mashamba. Mwaka wa 1810, wakati wa mashua, palikuwa na watu 4,402. Mwaka wa 1830 walikuwa 15,394. Mwaka wa 1850 walikuwa 96,838, na mwaka wa 1860, baada ya miji ya jirani kuunganishwa nayo, walikuwa 266,661. Wengi wao hawakuwa na kazi Brooklyn. Walifanya kazi New York, katika maduka, ofisi na magati, na kulala Brooklyn, ambako nyumba zilikuwa za bei nafuu na hewa nzuri zaidi. Zamani jambo hilo halikuwezekana. Mwajiri hamngoji karani wake mpaka upepo uvume. Lakini merikebu ya moshi ilipoondoka kila baada ya dakika chache, mtu aliweza kutoka nyumbani asubuhi akitazama saa badala ya kutazama mawingu. Kila upande wa maji, njia iliyoshuka kivukoni ikaitwa Fulton.

Kitu kimoja tu kiliishinda merikebu ya moshi, nacho ni barafu. Katika baridi kali ya mwaka wa 1866 na 1867 Mto wa Mashariki ulizibwa na barafu mara kwa mara, vyombo vikakwama katikati vikiwa na abiria wake. Ilisemekana kwamba mtu aliyetoka Albany kwa gari la moshi, mwendo wa maili 150, alifika New York kabla ya mtu aliyetoka Brooklyn. Makelele ya kutaka daraja yakawa makubwa. Kazi hiyo akapewa John Roebling, fundi hodari wa madaraja ya kutundikwa kwa kamba za chuma.

Mwishoni mwa mwezi wa Juni mwaka wa 1869 Roebling alisimama juu ya boriti la gati la kivuko kile kile cha Fulton, akipima mahali pa kujenga mnara wa daraja. Merikebu ya kuvukia ikaingia. Ikaisukuma gati kama ilivyosukuma kila siku, na mguu wake ukabanwa kati ya mbao. Vidole vya mguu vikakatwa. Yeye hakutaka dawa za madaktari, aliamini kidonda huponywa kwa maji matupu, na kabla ya kupita mwezi mmoja alikufa kwa pepopunda. Mwanawe Washington akaishika kazi, akaugua vibaya kwa sababu ya kufanya kazi ndani ya vyumba vya chini ya maji vilivyojazwa hewa kwa nguvu. Na mkewe, Emily, akawa akipeleka maagizo yake kwa mafundi miaka mingi, hata akayajua mambo ya daraja kama fundi mwenyewe.

Daraja lilifunguliwa tarehe 24 Mei mwaka wa 1883. Siku ile ya kwanza walipita watu 150,300. Aliyekwenda kwa miguu alilipa senti moja, nayo ni robo ya nauli ya Nassau ya mwaka wa 1814.

Walakini kivuko hakikufa siku ile. Kwa muda wa miaka 40 merikebu ziliendelea kuvuka chini ya daraja, kwanza zikiwa na watu wengi, kisha wachache, maana baadaye yalijengwa madaraja mengine, na njia za reli zikachimbwa chini ya maji. Mwaka wa 1924 safari za kivuko cha Fulton zikakomeshwa. Gati likabaki bila kazi, na miaka mingi haikufika pale merikebu ya kuvukia. Baadaye vyombo vya abiria vilianza tena kusimama mahali pale, chini ya daraja, penye mkondo ule ule. Vyaenda kwa mafuta, wala havichukui ng'ombe wala farasi.